Mahakama ya Pazi: Kutoka Kibaha hadi Maneromango

Itaje Kibaha mbele ya mkazi wa Dar es Salaam uone: swali la kwanza ni bei ya kiwanja, la pili ni kama kina hati. Kisarawe nayo imeanza kuulizwa hivyohivyo, tangu watu wagundue kwamba vilima vya Pugu vina hewa ambayo Tabata haina. Mimi nilikwenda huko kwa shida nyingine. Nilikuwa namtafuta mwanasheria.

Sina maana ya wakili wa siku hizi mwenye kibao barabarani na muhuri wa kuthibitisha hati. Nilimtaka yule wa karne ya 19, aliyekuwa mwamuzi wa kesi asubuhi, mwanasiasa jioni, na mtoza ushuru wakati wowote msafara ukitokea. Wazaramo walimwita pazi. Hakuvaa joho, hakuacha jalada hata moja, na wengi waliomwandika walikuwa wageni waliompita njiani wakiwa na haraka, homa na hasira ya kulipishwa. Mtu wa namna hiyo hapatikani maktaba peke yake.

Uzaramo haikuwa na mfalme mmoja. Kila kundi la vijiji lilikuwa na pazi wake, na ukubwa wake ulitegemea watu wangapi walikubali kubaki naye. Ardhi ilikuwa tele. Aliyechoshwa na hukumu zake alifunga virago, akachukua watoto na mbuzi, akahamia kwa pazi mwingine nusu siku mbele. Kura ilipigwa kwa miguu. Ndiyo maana siiamini sana ile sura ya chifu wa kutisha tuliyoachiwa na wasafiri wa Kizungu. Mtu anayeweza kukimbiwa na kijiji kizima usiku mmoja hana budi kujifunza kusikiliza.

Cheo chenyewe, kwa masimulizi ya Wazaramo, kina asili ya makubaliano. Washomvi wa pwani, wavuvi na wauza chumvi waliokaa Mzizima na vijiji jirani, walikuwa wakisumbuliwa na Wakamba. Wakatuma watu bara kwa Kilama, ambaye masimulizi humwita Pazi Kilama, awasaidie. Akaja na vijana wake, akawatimua Wakamba. Vita vikiisha huja hesabu, na hapo ndipo siasa za eneo hili zilipoanza hasa. Washomvi wakakubali kuwapa Wazaramo sehemu ya walichonacho, ada iliyokuja kuitwa kanda la Pazi. Kilama akafa, Mzizima ikageuka Dar es Salaam, na jina la Pazi likabaki kuwa cheo cha wakubwa wa Uzaramo. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote. Kilichoyashika ni kwamba kila upande ulimhitaji mwenzake: pwani ilitaka nafaka, sandarusi na pembe, bara ilitaka chumvi, samaki na nguo. Nimeona mikataba yenye mihuri mitatu ambayo haikudumu hata miezi sita.

Nilianzia Mlandizi, kwa sababu ya mto. Watu wa Dar es Salaam wanaujua Ruvu kwa jina tu, pale mabomba yanapokauka na mamlaka ikatangaza kwamba kina kimeshuka. Mtambo wa Ruvu Juu uko hapahapa Mlandizi. Nilisimama karibu na daraja malori yakipita, upepo wake ukiniyumbisha, nikijaribu kuwaza njia ya wapagazi ilivyokuwa. Wageni wa karne ya 19 waliuita mto huu Kingani. Wasafiri Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857 wakafuata bonde lake kwa upande wa kusini, yaani katika nchi ambayo leo tumeigawa baina ya wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Kisarawe.

Hawakufika mbali kabla ya kukutana na serikali. Huko Nzasa walijiwa na mapazi waliotaka kujua ni akina nani, wanakwenda wapi na wamebeba nini, maswali yaleyale anayoulizwa dereva wa lori leo kwenye mizani ya Vigwaza. Mmoja wao Burton anamwita Kombe la Simba. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1860, Speke alirudi njia hiyo akiwa na James Grant, na Kombe la Simba alikuwa bado yupo, bado anadai hongo, maana hilo ndilo lilikuwa jina la ushuru wa njia enzi hizo. Mbele yake alikuwepo mwingine aliyejulikana kama Mkia wa Nyani. Huyu alipokea alichopewa akaona hakitoshi, akadai nyongeza, na Speke akamtishia baruti. Majina haya ni ya watu waliojua kujinadi. Yangekaa vizuri kwenye bango la kampeni pale Maili Moja.

Vitabu vya wasafiri vinawachora kama wanyang'anyi. Nilivisoma upya kabla ya safari hii nikiwa upande wa mapazi, na mambo yakaonekana tofauti kidogo. Watu mia na zaidi wenye bunduki wanaingia kijijini kwako. Wanakunywa visima vyako, wanapita katika mashamba, wanalala usiku chini ya miti yako. Mkono mtupu haulambwi. Pazi alidai nguo, nyaya na shanga, akabishana, akapunguza, akapokea, akawagawia wazee wake na njia ikafunguliwa. Asiyewagawia wazee hakudumu. Speke mwenyewe, baada ya kulalamika kurasa nzima, alilipa na akapita.

Lakini kesi iliyonipeleka Mlandizi ni ya zamani kuliko safari hizo. Mwaka 1845 afisa kijana wa jeshi la majini la Ufaransa, Eugène Maizan, aliingia Uzaramo akitaka kufika maziwa makuu. Aliishia Dege la Mhora, katika bonde hilihili kwa juu, kwa pazi aliyeitwa Mazungera. Burton alipita hapo miaka 12 baadaye akaandika aliyoyasikia. Anasema Mazungera alimkaribisha mgeni vizuri kwa siku kadhaa, kisha akamgeukia, akamshutumu kwamba amewagawia wakubwa wengine mali, akaamuru auawe. Maizan alifungwa kwenye mti akakatwakatwa, huku ngoma ya vita ikipigwa. Burton alishuku pia kwamba wafanyabiashara wa pwani, waliohofia Mzungu kujua njia ya pembe, walikuwa na mkono wao.

Sina neno la kumtetea Mazungera kwa kitendo kile. Hata kwa sheria ya nchi yake, ugomvi wa hongo haukuwa kesi ya kuua mgeni aliyekwisha kula chakula chako. Ila nataka msomaji aangalie kilichofuata, kwa sababu ndipo sheria nyingine ilipoingia. Ufaransa ilimbana Sayyid Said wa Zanzibar, aliyejidai kuwa mtawala wa mrima wote, yaani pwani, amlete muuaji. Sayyid akatuma askari bara. Mazungera akawakwepa. Askari hawawezi kurudi mikono mitupu, basi wakamkamata mpiga ngoma.

Mpiga ngoma! Mtu huyo, kwa maelezo ya Burton, alifungwa minyororo mbele ya ubalozi wa Ufaransa mjini Zanzibar kwa miaka miwili ili Wafaransa wamwone, kisha akahamishiwa ngomeni, akafungwa kwenye mzinga kwa namna ambayo hawezi kusimama sawasawa wala kulala. Alikaa hivyo miaka mingi. Jina lake halikuandikwa. Balozi aliridhika, Sayyid aliridhika, faili likafungwa. Dege la Mhora, Burton alimkuta mwana wa Mazungera, Hembe, akiendelea na ukubwa wa baba yake.

Hapo ningependa kumuuliza mtu yeyote wa sheria: katika mahakama mbili hizi, ya pazi na ya dola, ipi ilijali zaidi nani kafanya nini? Sijibu haraka, kwa sababu mahakama ya pazi nayo ilikuwa na uchafu wake. Burton anaeleza kiapo cha maji yanayochemka, na majivu ya watu waliochomwa kwa tuhuma za uchawi aliyoyaona kando ya njia. Burton alikuwa na ulimi mchafu kwa Waafrika, na mengi katika maandishi yake nayatupa, lakini hilo la uchawi siwezi kulitupa. Kwa mwanamke mjane asiye na ndugu wa kumsemea, mahakama ya pazi haikuwa mahali pa kupelekwa kwa moyo mweupe.

Nikarudi Kibaha mjini. Kibaha ya sasa ni mji wa juzi. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania 1970, ambao sasa ndio Shirika la Elimu Kibaha, uliupa shule, hospitali ya Tumbi na sifa. Barabara kuu ikaupa watu. Yote hayo yanajulikana, na sikuyaendea.

Nilichokiendea kilikuwa kikao. Katika mtaa mmoja, nisioutaja, rafiki alinipeleka kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, chumba kimoja chenye bati jekundu, na kesi ilikuwa inasikilizwa nje kwa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Meza ilitolewa chini ya mwembe. Juu yake daftari kubwa la mistari, kalamu ya bluu iliyofungwa uzi, kidau cha wino na muhuri uliovikwa mfuko wa nailoni kama kitu cha thamani, na kweli ni cha thamani: bila huo hakuna anayenunua ardhi hapa. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa mara mbili. Marehemu aliuza kwa mtu wa kwanza, watoto wakauza kwa mtu wa pili. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye muhuri uleule.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mtandio begani, simu mbili mezani zikiwa zimegeuzwa kifudifudi. Hakumkatiza mtu. Aliwaacha waseme mpaka wakaanza kurudia, ndipo akawageukia wazee wawili waliokaa kwenye benchi.

"Baba zangu, mpaka huu mnaukumbuka?"

Mmoja aliinuka bila kujibu, akaongoza njia, nasi sote tukamfuata hadi kwenye mnazi uliokatwa kichwa. Akaugusa kwa fimbo. "Hapa. Marehemu alipanda huu siku alipomwoza binti yake mkubwa. Aliuza kuanzia hapa kushuka. Wanawe wameuza kupanda na kushuka." Watoto wa marehemu wakaangalia chini. Mnunuzi wa pili, kijana aliyevaa shati la ofisini, akasema atatafuta wakili. Mwenyekiti akamwambia hana neno, atafute, ila wakili naye itabidi aje aone mnazi.

Kesi haikwisha siku ile. Baraza la kata, lililoundwa kwa sheria ya 1985, tangu mwaka 2021 limebakiziwa usuluhishi tu katika migogoro ya ardhi. Hukumu inatafutwa baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Na mahakama ya mwanzo kwa miongo mingi haikumruhusu wakili kusimama humo, kila mtu akajisemea mwenyewe mbele ya hakimu na wazee wa baraza, hadi sheria ilipolegezwa mwaka huohuo wa 2021. Nchi hii iliwaondoa machifu mwaka 1963, lakini mwembe, benchi la wazee na ada ya mwenye muhuri havikuondoka. Ile asilimia ambayo watu hutozwa mtaani wakiandikishana kiwanja, ningekuwa Kombe la Simba ningeitambua mara moja.

Kutoka Kibaha kwenda Kisarawe watu wengi huzunguka mjini, wapitie Gongo la Mboto na Pugu. Mimi nilikata kwa Kiluvya kwenda Mpuyani kwa bodaboda, njia ya vumbi jekundu kati ya mikorosho, na nilifika nikiwa na rangi ya njia. Kisarawe mjini nilipita upesi. Pale Pugu Wabenedikto walifungua misheni mwaka 1888, ikachomwa Januari 1889 wakati pwani ilipoinuka dhidi ya Wajerumani; Minaki Waanglikana walihamishia chuo chao mwaka 1925; na Pugu ndipo Nyerere alipokuwa akifundisha TANU ilipoundwa Julai 1954. Kila moja ni makala yake. Nilipanda gari la Maneromango.

Maneromango ina kanisa la Kilutheri ambalo asili yake ni misheni ya mwaka 1895, na ina wazee wanaopenda kuulizwa. Nilielekezwa kwa mmoja aliyekuwa akichambua korosho barazani kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kabila gani?"

Nikamwambia Mnyamwezi. Akaacha korosho.

"Mtani! Babu zako walipita hapa na mizigo ya Wazungu vichwani, hongo yetu mpaka leo hawajaimaliza. Huulizi kitu hapa kabla ya kulipa."

Watu wa jirani wakacheka, na mimi nikaenda dukani nikarudi na kilo mbili za sukari. Aliipima kwa mkono, akasema deni limepungua kidogo, ndipo tukazungumza. Nilimuuliza habari za Kibasila, yule mkubwa wa Kisangire, huko ndani kuelekea kusini, aliyeongoza Vita vya Maji Maji katika Uzaramo mwaka 1905 na kunyongwa na Wajerumani. Dar es Salaam kuna shule ya sekondari yenye jina lake, na wodi katika Hospitali ya Muhimbili.

"Nyinyi mnamjua kwa kunyongwa tu," akasema. "Kabla ya kunyongwa aliishi. Mtu hakuwa mkubwa hapa kwa sababu ya vita. Alikuwa mkubwa kwa sababu ukimpelekea shauri linakwisha."

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo, kwa sababu linaeleza vita vizuri kuliko maji ya mganga peke yake. Wajerumani hawakumnyang'anya pazi mkuki kwanza. Walimnyang'anya kesi. Akida aliyetoka pwani akaletwa juu yake, mwenye kofia na askari, asiyejua mnazi upi ni mpaka wa nani, na mashauri yote mazito yakapelekwa kwake au bomani. Adhabu ikawa kiboko, hamsa ishirini, mbele ya watu. Pazi, ambaye sasa aliitwa jumbe kama wengine, akaachiwa kazi moja: kuwatoa watu wake. Awatoe walipe kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898 kwa rupia tatu. Awatoe tena walime shamba la pamba la serikali, mpango ulioletwa na Gavana von Götzen mwaka 1902, ambao mtu alitakiwa kuutumikia siku 28 kwa mwaka. Mapato ya mwaka wa kwanza yalipogawanywa katika wilaya ya Dar es Salaam yalikuwa senti chache kiasi kwamba wako wakulima waliokataa kuzipokea.

Hebu fikiria nafasi ya mtu huyo. Baba zake walipokea hongo kwa wapitao, wakaigawa. Yeye anakusanya kwa walio wake, na hana cha kugawa. Waliomfuata kwa hiari sasa wanamfuata kwa kuogopa askari, na hawawezi hata kuhama, maana kila pazi wa jirani yuko katika shimo hilohilo. Mkubwa wa aina hiyo ana njia mbili, kuwa kiboko cha serikali au kusimama na watu wake. Wako waliochagua ya kwanza, na wajukuu wao hawapendi kuulizwa. Kibasila alichagua ya pili.

Kwa hiyo naona tumemheshimu nusu. Tumeliandika jina lake ukutani kama shujaa wa vita, na ni haki yake, lakini ile kazi yake ya kila siku, ya kukaa na wazee akamaliza ugomvi wa mpaka, mahari, deni na mifugo iliyoingia shambani, hatujaiandika popote. Tunajua zaidi kuhusu jinsi pazi alivyomuudhi Speke kuliko jinsi alivyoamua kesi ya jirani na jirani. Hata Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo wa Dunda aliyefundisha Kiswahili Berlin, na ambaye kitabu chake cha Desturi za Wasuaheli kilichapwa na Carl Velten mwaka 1903, habari za vyeo, deni na mashauri alizozijaza humo ni za Bagamoyo zaidi kuliko za bara ya Uzaramo.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika ushuhuda wa wazee walioikumbuka Maji Maji, na bila wao tungekuwa na upande wa Wajerumani tu. Kazi ya pili inangoja. Wanafunzi wa sheria wanaopanga foleni ya mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi za mawakili katikati ya jiji, baadhi yao wapelekwe Kisangire, Marui, Mzenga na Maneromango wakiwa na kinasa sauti. Wasiulize vita. Waulize mpaka uliamuliwaje, nani aliapishwa na kwa kitu gani, faini ilikuwa nini na iligawiwa nani, mwanamke alisemewa na nani. Miaka 58 ilipita baina ya kuanza kwa Maji Maji na kufutwa kwa machifu, na wapo wazee waliokulia katika mabaraza ya mwisho ya wakati huo. Kutoka Kisarawe mjini hadi Maneromango gari lipo kila siku, na kilo mbili za sukari zinatosha kuanzia mazungumzo, hasa kama wewe ni Mnyamwezi.